Samaki wa Mgongo Mweusi

Samaki ya kwanza kufa, nilisema ni jirani. Sikuwa na ushahidi lakini sikuuhitaji. Mtu anapulizia ng'ombe dawa ya kupe karibu na fensi yetu, upepo inatoka kwake ikikuja kwetu, halafu samaki ya dada yangu inaelea tumbo juu. Sasa hapo unataka ushahidi gani?

Tulikuwa tunaishi katikati ya Kitengela na Isinya, mahali plot zilikuwa zinaanza kukatwa na bado punda milia wanapita nyuma ya choo. Dada ndiye alinileta kutoka nyumbani, magharibi, nikiwa sijamaliza shule vizuri. Alinilisha, akanivisha, akaniacha nifungue kila redio na kila simu mbovu ilikuwa kwa nyumba mpaka nikajua kuzitengeneza. Mwisho nikapata kibanda changu Kitengela, natengeneza simu. Kwa hivyo ukimgusa dada yangu, umenigusa mimi, na mimi sikuwa mtu wa kuguswa.

Bwana yake alikuwa fundi huko Magadi, anakuja mwisho wa mwezi akiwa mweusi kama makaa, analala, anarudi. Dada naye alikuwa amefanya kazi ya maua miaka mingi, ndani ya grinhausi, mpaka kifua ikakataa. Alikuwa akikohoa asubuhi anashika mlango. Daktari akamwambia hiyo hewa ya dawa aachane nayo. Akaachana nayo, na kila kitu alikuwa amepata huko akakitia kwa kidimbwi ya samaki.

Samaki walipoanza kufa, supavaiza wake wa maua, mwanamke mkali lakini wa haki, alimwambia, "Nitakuwekea nafasi mpaka mwezi mwingine ukianza. Jumatatu ya kwanza basi ikipita, upande ama usipande. Baada ya hapo siwezi kukusaidia."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yote. Samaki wakiishi, dada anabaki na kifua yake. Samaki wakifa, anarudi grinhausi.

Kidimbwi kilikuwa kizuri, nisidanganye. Tulichimba na vijana wa hapo, udongo mweusi ule wa kushika jembe, halafu tukatandika karatasi nyeusi ya plastiki. Hakikuwa kirefu. Tulifika mawe, tukachoka, tukaacha maji yakifika tu juu ya magoti. Tukajaza maji ya borehole, tukatia ngege, wale tilapia, wadogo waliokuja na pikipiki ndani ya mifuko ya hewa.

Na dada alikuwa msafi. Jameni, huyo mwanamke! Kwa maua walikuwa wamemfundisha kwamba ile kitu ya kijani inaota kwa maji ni adui, inaziba mabomba, inaleta magonjwa. Sasa akaleta hiyo sheria nyumbani. Kabla ufike kwa kidimbwi unakanyaga beseni ya dawa na gambuti. Kila Jumamosi anatoa maji nusu, anasugua plastiki na brashi ya kufua, anachota kila kitu ya kijani na neti, anajaza maji mapya. Jumapili akina mama wa kanisa wanapita kutoka ibada, wanasimama kwa ukingo na viatu vyao vya kanisa, wanahesabu samaki.

"Mama, maji yako ni kama ya kunywa!"

"Kunywa basi," dada anasema, na unaona vile amefurahi.

Ungetupa shilingi huko chini ungesoma mwaka yake.

Halafu samaki wakaanza kubadilika. Kwanza mgongo. Samaki alikuwa rangi ya majivu, sasa mgongo inakuwa nyeusi kama imepakwa masizi. Halafu kwa hiyo nyeusi inatokea kidonda ya kijivu, kama ngozi imeungua. Halafu kwa kidonda inaota kitu nyeupe kama pamba. Akifika hapo, hata chakula hataki. Anasimama tu pale pembeni chini ya ubao tulikuwa tunakanyagia, anapumua, anangoja.

Ndio nikaenda kwa fensi.

Jirani alikuwa Mmaasai wa rika ya kati, si mzee si kijana, mtu wa utani, ana ng'ombe na silanga, bwawa yake ya kunywesha. Nilimkuta na pampu mgongoni.

"Sopa," nikasema, lakini kwa meno.

"Epa. Kijana, mbona unasalimia kama mtu amenyimwa maziwa?"

"Hiyo dawa unamwaga wapi?"

"Kwa ng'ombe. Ulitaka nimwage wapi? Kwa kichwa yako?"

"Samaki ya dada yangu inakufa."

Akatua pampu chini. "Zile nyoka zenu?"

"Usiite samaki nyoka!"

"Kitu haina miguu, inakaa kwa maji, inateleza. Mimi nitaita nini? Mbuzi?" Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi. Akaiangalia ngumi, akaangalia uso yangu, akasema polepole, "Sasa wewe unasema mimi ndio naua."

"Nauliza tu."

"Hapana. Hujauliza. Kuja uone kitu."

Hapo lazima nieleze. Wakati vifaranga vya samaki vilikuja, dada alimpa jirani ndoo moja, shukrani kwa sababu alituachia tupitishe bomba kwa shamba yake. Yeye na watu wake samaki hawakuwa wanakula. Alipokea kwa heshima, akasema ashe oleng, asante sana, na tukadhani amezitupa nyuma ya boma zife. Kumbe alizimwaga kwa silanga.

Tulifika huko. Maji ilikuwa kama chai ya maziwa imekaa jana. Ng'ombe wamesimama ndani mpaka tumbo, wengine wanakojoa humo humo. Nilitema mate. Jirani akatoa kipande ya ugali kwa mfuko wa koti, akarusha.

Maji ikalipuka. Samaki ilikuwa kubwa kuliko yetu. Nene, mgongo rangi ya majivu, safi, hakuna kidonda, hakuna pamba. Zinapigania ugali katikati ya miguu ya ng'ombe.

"Umeona?" akasema. "Nyoka yangu iko na afya."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilizidi kushuku. Kwa nini zake zimenona? Ametia nini? Na kama ile dawa ya kupe ndiyo mbaya, basi hao ng'ombe wamepuliziwa wakaingia hapo hapo na dawa ikiwadondoka, na samaki haijali. Hiyo hesabu ilikataa. Nilirudi nyumbani na hasira mara mbili, kwa sababu sasa sikuwa na mtu wa kupigia kelele.

Nikampigia jamaa wa vifaranga. Nikamwambia alituuzia samaki wagonjwa.

"Boss, wale mlimpa jirani mbele yangu wako aje?" akauliza.

"Wako sawa."

"Walitoka mfuko moja na hao wako?"

Nikakata simu. Mtu akiwa na jibu nzuri, hiyo pia nilikuwa nashuku.

Wakati huo dada alikuwa anasugua zaidi. Kila akiona pamba kwa samaki anasema ni uchafu, anabadilisha maji tena. Maji yakazidi kuwa safi, samaki wakazidi kufa. Bwana yake akapiga simu kutoka Magadi, sauti imejaa upepo, akamwambia, "Mama, rudi kazi. Samaki ni ya watu wa ziwa." Dada akamwambia sawa, akaweka simu, akaenda nyuma ya nyumba akakohoa huko ndio nisisikie. Nilisikia.

Siku moja mchana alitoa samaki amekufa, akamlaza kwa ubao, akainama hapo muda mrefu. Mimi nilikuwa nasema maneno mengi kuhusu jirani, kuhusu maji ya borehole, kuhusu kampuni ya plastiki. Akaniambia, "Nyamaza kidogo. Huyu amefanana na ua."

"Samaki na ua wapi na wapi?"

"Sijasema ni ua. Angalia. Tumbo iko sawa. Huku kando sawa. Mapezi ya chini sawa. Ni juu peke yake." Akapitisha kidole kwa mgongo. "Waridi nyekundu ikikaa chini ya polithini imezeeka, ile petali ya juu yake inachomeka pembeni, inakuwa nyeusi. Chini haiguswi. Wakibadilisha polithini, nyeusi inaisha. Supavaiza alikuwa anasema ni UV. Iko kwa jua lakini huwezi kuiona."

UV nilikuwa naijua. Si ya jua. Kwa kibanda nilikuwa na tochi ndogo ya mwanga ya zambarau, ile ya kuangalia noti bandia, kwa sababu Kitengela watu walikuwa wameshanilipa karatasi. Unamulika noti, kama ni ya ukweli kuna nyuzi zinawaka. Na kwenye boksi ya hiyo tochi ilikuwa imeandikwa herufi hizo hizo mbili.

Sikumwamini dada. Nampenda lakini kuamini ni kitu ingine. Nikachukua chupa mbili za jamu, moja nikajaza maji yetu, ingine nikamwomba jirani maji ya silanga. Akaniuliza, "Sasa unaenda kunipima kwa polisi?" Nikamwambia bado sijaamua.

Kesho yake nikafunga mlango wa kibanda mchana, watu wanagonga nje wanataka simu zao, mimi ndani gizani na noti moja na chupa mbili. Nikaweka noti nyuma ya maji yetu, nikamulika. Nyuzi zikawaka, vizuri kabisa, kama hakuna maji. Nikaweka nyuma ya maji ya jirani. Giza. Nikasogeza tochi karibu mpaka ikagusa chupa. Giza. Nikafikiri betri imekufa, nikarudi kwa maji yetu. Ikawaka.

Nilikaa chini kwa kiti ya wateja. Ile kinyesi na matope yote nilitemea mate, ilikuwa ni paa ya nyumba. Samaki ya jirani ilikuwa kwa kivuli siku nzima. Yetu ilikuwa uchi, kwa maji ya magoti, plastiki chini, mawingu hakuna, na huku kwetu ni juu, jua inapiga kali kuliko kule ziwani babu zetu walivua.

Lakini jua kuchoma ngozi ni jambo moja. Pamba ilitoka wapi? Hapo pia nilishuku. Nikaenda saiba, kwa kompyuta za kulipia, nikakaa mpaka mwenyewe akaanza kuniangalia vibaya. Kiingereza ya huko ilikuwa ya madaktari, nilikuwa nasoma sentensi moja kama natafuna mfupa. Nilichotoa ni hiki, na nilimwelezea dada hivi hivi jikoni.

"Samaki ana ute kwa ngozi, si ndiyo? Hiyo ndiyo fensi yake. Hiyo miale inachoma ngozi, inaharibu mahali ute inatoka. Fensi inaanguka."

"Hiyo naelewa."

"Ngoja. Ndani ya damu kuna askari, zile chembe nyeupe za kupigana na magonjwa. Miale ikizidi, askari wanalegea. Wanaona adui, hawamkamati vizuri. Na samaki mwenyewe ameshtuka, mwili yote iko na wasiwasi, na wasiwasi pia inawalegeza askari. Sasa ile pamba ni kuvu. Kuvu iko kwa maji siku zote, yetu, ya jirani, ya ziwa, kila mahali. Samaki mzima anaishinda bila hata kujua. Huyu wetu hana fensi na askari wamelala. Kuvu inaingia tu kama mtu ako na funguo."

Halafu dada akauliza swali ambayo mimi nilikuwa naiogopa. "Kwa hivyo hiyo kijani nilikuwa nasugua..."

"Ilikuwa inataka kuwafunika."

"Na mimi nafungua."

"Ni watu wa maua walikufundisha hivyo," nikasema kwa haraka. "Si wewe."

Hakulia. Aliinuka akaenda akachukua ile brashi, akairusha juu ya paa ya nyumba ya kuku mahali hawezi kufika.

Sasa kazi. Watu wa kule kwa maua walikuwa wanauza vipande vya polithini ya grinhausi zikitolewa, watu wanaezekea kuku na choo. Nilienda na tochi na noti yangu. Muuzaji akaniuliza kama ninanunua polithini ama nachunguza benki. Nilimulika kila kipande. Ingine ilikuwa imezeeka, mwanga inapita kama dirisha, hiyo nikatupa. Ingine bado inakataa. Hizo ndizo nilichukua. Najua tochi yangu si jua, na miale ya jua iko aina aina, ile mbaya kabisa tochi haina. Lakini ndiyo kipimo nilikuwa nayo, na nilikuwa nimechoka kuamini midomo za watu.

Tukafunika nusu ya kidimbwi kwa hiyo polithini, juu ya fito. Samaki wote wakahamia huko siku hiyo hiyo. Hatukuwafundisha. Halafu dada akaenda kwa jirani mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma.

"Takwenya," jirani akamsalimia kwa Kimaasai, na dada akaitikia.

"Iko. Jirani, nataka kinyesi ya ng'ombe. Mfuko mmoja."

"Ya shamba?"

"Ya samaki."

Jirani akaniangalia. "Wiki ile nilikuwa nawaua. Leo mnataka niwalishe mavi?"

"Mpatie tu," nikasema.

"Kijana, wewe ukiomba msamaha inakaa aje? Inakaa hivi?"

"Sijaomba."

"Nimeona hujaomba." Akajaza mfuko, akakanyaga, akaongeza mwingine. Nikaufungua hapo hapo nikaangalia kama kuna dawa. Akacheka mpaka akashika fensi.

Tukaning'iniza mfuko kwa maji kama majani ya chai, ndio ile kijani irudi. Maji yakaanza kuingia rangi. Kila asubuhi dada anaenda anaangalia, mikono nyuma, kama mtu anajizuia kujikuna. Jumapili akina mama wa kanisa wakaja na viatu vyao.

Mmoja akashika pua. "Mama, hii maji imeoza?"

"Imeiva," dada akasema.

"Na samaki ziko wapi?"

"Ziko."

"Zimekufa zote, si useme tu tukuombee?"

Nilifungua mdomo. Dada akanikanyaga. Aliwaacha waombe, macho yao yamefungwa, yake yamefunguka, anaangalia ukingo wa polithini. Nilikuwa nawashuku wote, kwamba wanaenda kusema, kwamba watacheka njiani. Walisema. Bwana yake alisikia mpaka Magadi.

Wale walikuwa na pamba waliendelea kufa, mmoja leo, mwingine kesho kutwa. Kama kuna mpya anaugua hatungejua, kwa sababu maji sasa ilikuwa kijani, ukitia mkono vidole hauoni. Na ile Jumatatu ya supavaiza ikafika.

Basi ya kampuni ilikuwa inapita barabara ya murram asubuhi jua likichomoza. Ilisimama mbele ya geti yetu. Wanawake wa kofia na leso ndani, wengine wamelala kwa dirisha. Supavaiza akatoa kichwa.

"Mama! Gambuti umevaa tayari. Panda."

Dada alikuwa amesimama kati ya geti na kidimbwi. "Hizi ni za samaki."

"Watu wanasema samaki iliisha."

"Watu waliona maji. Hawajaona samaki."

"Wewe umeona?"

Hapo nikajua dada atadanganya. Mimi ningedanganya. Ningesema nimeona mia.

"Sijaona," dada akasema.

Supavaiza akafuta kioo na mkono ingawa kilikuwa safi. Hakuwa mtu mbaya. "Leo nikienda, hiyo nafasi nampa mwingine. Unajua."

"Najua."

"Na kifua?"

"Iko. Hiyo ndiyo sababu."

"Dere, twende," supavaiza akamwambia dereva, na basi ikaondoka na vumbi yake, na mimi nikairushia jiwe. Ilikosa. Sijui nilikuwa nataka nini na hilo jiwe.

Dada hakuangalia nyuma. Alichukua mkebe ya chakula, akaenda kwa ukingo, akarusha konzi moja pale kivulini. Punje zikaelea juu ya kijani. Tukangoja. Hakuna kitu. Nikaanza kusema kwamba tungemfuata supavaiza na pikipiki, bado tunaweza kumfikia kwa lami. Dada akainua mkono.

Punje moja ikapotea. Sikuona mdomo, niliona tu haiko. Halafu ingine kando yake. Halafu pale katikati punje zikaanza kuzunguka na kupungua, na pete ndogo ndogo kwa maji, na sauti kama mtu anabusu kikombe.

"Inaweza kuwa upepo inazisukuma," nikasema.

"Upepo haimezi," dada akasema, akarusha konzi ingine.